Kabari Tatu

Mvua imetufungia chini ya bati la Baba Zihindula
pale Essence, nyuma ya mbao za libuyu zilizoshushwa jana.
Gundi haikauki, rangi inatoka jasho, hakuna wa kufanya kazi.
Basi kila mtu anatandaza ya kwake mezani kama karata.

Mweze wa mabomba anaanza, maana hakuna siku asiyoanza.
Yuko Muhumba, nyumba ya wakati wa Wabelgiji,
madirisha ya duara, bafu unaloweza kumlaza ng'ombe.
Maji yanapita kwenye mita, bafuni hayafiki.
Siku tatu amechimba akifuata bomba,
akatokea ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, chini ya mparachichi.
"Miaka yote hiyo," anasema, "mwenye nyumba analipa,
mparachichi unakunywa."
Tunacheka. Jirani, anasema, hakucheka.

Nsimire wa lipu anangoja kicheko kiishe.
Yeye ana ufa. Kule Funu, chumba cha wapangaji,
ufa uleule, mwaka wa nne huu anauziba.
Mwenye nyumba anataka rangi ya krimu, haraka,
kabla mpangaji mpya hajaja kutazama.
"Napaka," anasema. "Watoto wangu wanasomea ufa ule."
Ila kabla ya kuziba huandika ndani, kwa penseli, tarehe
na upana: kidole. Kidole na nusu. Mwaka jana, viwili.
Safari hii penseli yenyewe ilimponyoka, ikazama.
Aliisikia ikishuka.

Hatusemi kitu. Bati linasema.

Zamu yangu. Mimi nina kabati.
La Mama M'Rubenga wa Nyamugo, juu ya ngazi ambazo
vijana wawili walilipanda nalo mgongoni wakinitukana.
Vipimo alinipa kwa kamba yenye mafundo:
fundo hili sahani, fundo hili suti za marehemu,
fundo hili usiulize.
Majuma mawili ya randa na patasi. Milango minne,
pembe zimeumana ulimi ndani ya tundu, bila msumari.
Nikalisimamisha ukutani, nikarudi nyuma nilitazame.
Milango ikafunguka. Yote minne, polepole,
bila mkono wa mtu.

Nikatoa pimamaji. Tone la hewa likakimbilia ukutani,
likagoma huko.
Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza:
"Kabati halina kosa. Ni nyumba inashuka.
Inashuka tangu nimeolewa, tumezoeana."
Akaleta beseni, akalitia maji, akaliweka sakafuni,
ukingo mmoja umelowa, wa pili mkavu.
"Ukuta huu usiufuate, ni mwongo. Fuata haya."

Nikakata kabari ya muvula, nikaigonga chini ya miguu ya mbele,
nikigonga, nikitazama beseni, nikigonga.
Milango ikatulia.
Nilipokuwa nakusanya vyombo, sijui kwa nini,
nikakata nyingine mbili, moja nene, moja nene zaidi,
nikazitia droo ya chini.
Akaziona. "Hizi za nini?"
"Hii ni ya mvua za mwaka wa tatu, wa nne."
"Na hii?"
Nikaifunga droo. Inafunga vizuri droo ile,
haikwami, hailii.

"Umemtoza ngapi hizo mbili?" anauliza Mweze.
Sikumtoza. Anatikisa kichwa: na mlango wa kwako
bado unaufunga kwa kamba ya kiatu.
Kweli. Jumamosi nitaurekebisha. Jumamosi nyingine.

Mvua inapungua; mtaroni maji mekundu
yanateremka na udongo wa mtu fulani kuelekea ziwani.
Baba Zihindula anafagia takataka za randa, hatutazami.
Nsimire anajipanga ndoo begani, halafu anageuka:
nina penseli?
Nampa ile yangu ya seremala, bapa, nene.
Anaipima kwa kidole, kwanza cha shahada, kisha gumba,
anaichomeka ndani ya kilemba, anaondoka.